Bibi alikuwa akituitaje?

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali, na mengine yote ya barua za shule unayajua, jijazie mwenyewe. Nimekaa kimya tangu Mfungo Tatu, utanisema tukionana. Leo nina shida.

Nimepewa kurasa 6 za kutafsiri. Kwa malipo yenyewe zilitakiwa ziwe zimeshaisha, ila siku ya nne leo nimenasa kwenye neno moja: slabberdegullion. Lisome kwa sauti, ukimaliza ujifute mdomo. Ni tusi la Kiingereza cha zamani, mtu mchafu, kavaa hovyo, hovyo wa sura na wa mambo yake. Limo katika kisa cha Rabelais, yule mwandishi Mfaransa, kama kilivyotafsiriwa na Mskoti Thomas Urquhart mwaka 1653. Wachungaji wanaomba wauziwe mikate, kwa pesa yao, si bure! Wenye mikate wanawaporomoshea msururu wa matusi, na hili limo. Mwisho wake vita. Vita, Zuhura, kwa mikate. (Nikamkumbuka Hamisi na mama wa vitumbua.) Na Urquhart naye, matusi ya Mfaransa hayakumtosha, kaongeza ya kwake. Angezaliwa pwani angetunga mipasho.

Sasa taabu iko hapa. Mwanzo wa neno, slabber, ni kutokwa udenda, kwa hiyo si nguo tu. Nikaandika mchafukoge, nikafuta: msomaji wa Dar ataiona ile kata ya Mchafukoge, wilayani Ilala, atadhani wachungaji wametokea jirani na Mnazi Mmoja. Timutimu ni la nywele. Shaghalabaghala ni chumba cha Hamisi, si Hamisi mwenyewe, ingawa ukifikiria vizuri... Nikajaribu "mdendaji". Usicheke.

Ndipo nikamkumbuka Bibi. Tukirudi kutoka mikokoni, matope magotini, kanga zinaburuzika, alikuwa akisimama barazani anatutazama toka utosini hadi vidoleni, kisha anatoa neno moja. Moja tu! Liliuma kuliko bakora. Nakumbuka midomo yake ilivyobenuka, nakumbuka kulikuwa na "mb" au "bw" katikati, lakini neno lenyewe limenitoroka. Mama nimempigia, eti, "Alikuwa akiwaita wachafu." Ahsante, mama.

Lingine. Shakespeare alilitumia ndugu wa neno hili, slubber, kwa maana ya kulipua kazi. Ni pale Antonio anapomwambia Bassanio asiilipue shughuli yake kwa ajili ya kumwahi yeye, sehemu ya pili, onyesho la nane. Nataka kuona Mwalimu Nyerere alipitaje hapo katika Mabepari wa Venisi. Baba yako alikuwa na nakala ya 1969, ile yenye jalada lililoliwa na mende, tuliyokuwa tukiwekea sufuria. Tafadhali nipigie picha ukurasa huo. Lakini kwanza neno la Bibi. Mwalimu anaweza kungoja, hilo la Bibi ndilo lina udenda ndani yake, nina hakika.

Je, bado anasikia vizuri? Muulize baada ya chai ya jioni, asubuhi atakujibu kwa ukali utafikiri ndiyo kwanza tumetoka mikokoni. Lilikuwa neno la lahaja ya Kimtang'ata, au alilizua mwenyewe kwa hasira? Wewe hulikumbuki hata kidogo? Na paa mmeshaezeka? Mdogo wako kapata ile kazi ya bandarini? Hamisi kanyoa, au bado anasema anafuga kwa ajili ya harusi? Harusi ya nani?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kama ni neno lenyewe tu bila salamu.

Wako,
Mwanaidi