Mke wangu amwambia mama yake sina kazi

Anti, shikamoo. Ni saa tisa usiku, niko mbele ya laptop, filamu inarenda, yaani laptop inaiunganisha iwe faili moja, imefika asilimia 61 na LUKU ya umeme inasoma uniti mbili. Usingizi sina tangu Jumapili.

Siku hiyo nilikuwa uani naanika shuka jeupe, lile tunalorudishia mwanga kwenye nyuso za waigizaji. Nikamsikia mke wangu ndani, yuko kwenye simu na mama yake: "Mama, huyu hana kazi." Hana kazi! Mimi niliyerekodi siku tisa, maiki nimeifunga kwenye mti wa fagio, sini za usiku namulikiwa na taa za bodaboda!

Shule ya filamu sijasoma, sikatai. Nimejifunza YouTube kwa bando za usiku. Lakini nyumbani hawajalala njaa. Harusi napiga picha, kodi nalipa, hata kama inachelewa. Na mama mkwe ananijua tangu naposa, hakuna nilichomficha.

Zamani, enzi za mwigizaji marehemu Kanumba, ulipeleka master, ile nakala mama ya filamu, kwa wasambazaji Kariakoo ukarudi na hela. Siku hizi DVD ananunua nani? Na mimi filamu yangu ya kwanza niliuza hivyo hivyo, laki tano, haki zote zikaenda, kava likatoka halina hata jina langu. Ndiyo maana hii sitaki kuiuza. Nilishakaa Ngome Kongwe kule Zanzibar wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu, nikaona watu wametulia kimya wanatazama filamu ya mtu mwingine. Nataka na yangu watu waitazame vile. Sasa hiyo siyo kazi, Anti?

Kuna jambo mke wangu hajui. Mwezi uliopita alinipa laki tatu nimpelekee mweka hazina wa kikoba chao. Nikakodi lenzi, nikawalipa waigizaji nauli na chakula. Sikuiba, nilijua nitairudisha. Jumamosi wanavunja kikoba, wanagawana hela. Nimwambie kabla, au nikakope kwanza? Nikimwambia, si ndiyo atampigia tena mama yake?

Nilisema niuze kamera yaishe. Jana mteja wa kamera kapiga mara tatu, sikupokea.

Mke wangu mwenyewe ameamka sasa hivi, kaniwekea chupa ya chai hapa mezani, karudi kulala. Hajasema neno. Nijibu kabla ya Jumamosi, Anti.

Msomaji wako, Mbagala