Barua kwa Mama: Saa Ishirini Ni Saa Ishirini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na lile goti limekupa nafuu. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, nasoma, nala, nalala ninapopata nafasi.

Ujumbe wa Kaka nimeupata. Habari ya paa la Baba Mdogo, kwamba nilichangie, nimeielewa. Na lile la mwisho pia nimelielewa vizuri sana, kwamba Baba Mdogo ameshasema kikaoni, mbele ya watu, kuwa mtoto ana kazi mbili Marekani ila ni mkono wa birika. Mama, simvunjii heshima Baba Mdogo, lakini neno hilo limenikaa kooni wiki nzima, na nisipolijibu kwako sijui nilijibu kwa nani.

Kazi mbili ninazo, kweli. Niko maktaba, na niko kituo cha kuwasaidia wanafunzi wanaosumbuliwa na hisabati. Ila kazi mbili si mishahara miwili. Viza yangu ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inaniruhusu kufanya kazi ndani ya kampasi, na chuo kikiwa kimefunguliwa zisizidi saa 20 kwa wiki. Si 20 hapa na 20 kule, ni zote kwa jumla. Maktaba wananipa 12, kituo wananipa 8, hesabu imefungwa. Nalipwa dola 11 kwa saa, na hapo nashukuru, maana kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 na hakijapanda tangu mwaka 2009. Kaka anajua kuzidisha. Ni dola 220 kwa wiki kabla ya kodi, na ufadhili unalipa ada tu. Chumba, chakula, bima ya afya na vitabu vinatoka humo humo.

Halafu Kaka anasema nipunguze masomo nipate kupumua, au nisome mtandaoni. Mwambie haiwezekani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza kama yangu lazima achukue angalau krediti 12 kila muhula (krediti moja ni kama saa moja ya darasani kwa wiki), na katika hizo, somo la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu. Mimi nimechukua 15. Walimu wa huku wana kanuni yao, kwamba kila saa ya darasani inadai saa mbili za kujisomea. Kumi na tano darasani, thelathini na vitabu, ishirini kazini: saa 65 kwa wiki, bado hujafua nguo. Na Baba Mdogo huyo huyo anayesema nina choyo, mwezi uliopita alimwambia Shangazi kwamba nimetupa vitabu kwa ajili ya dola. Achague moja, Mama. Kama nimetupa vitabu, dola ziko wapi? Kama dola sina, ninafanya nini usiku kucha?

Nitakwambia ninachofanya. Muhula uliopita jina langu lilitoka kwenye orodha ya heshima ya Mkuu wa Kitivo, ile ya waliofaulu vizuri. Cheti nimekipiga picha, Kaka akuoneshe, na mwambie akioneshe kikaoni pia, kwa sauti ile ile. Na wale ninaowafundisha takwimu ni Wamarekani watupu. Kuna mmoja alikuja analia na karatasi yake yenye maandishi mekundu, nikamketisha, tukaanza na wastani, tukaenda taratibu. Sasa akifika kituoni anaulizia zamu yangu, nisipokuwepo anaondoka.

Nilianzia bwaloni, upande wa kuosha vyombo. Hayo tuyaache. Kupata kazi nyingine kulichukua muda kwa sababu matangazo mengi ya kazi za kampasi yameandikwa kwamba ni za mpango wa serikali wa tangu 1964 uitwao Federal Work-Study, ambao Washington inalipa sehemu kubwa ya mshahara wa mwanafunzi, na sisi wageni hatumo. Mwenzangu wa chumbani anao. Anakaa mapokezi ya jengo fulani, anapaka kucha. Simwonei wivu, nakusimulia tu.

Maktaba ndiyo kazi. Zamu yangu ni ya jioni, na baada ya saa nne watu hupungua, unapata dakika za kufungua daftari lako pale pale dawatini. Ndiyo maana nikishauriwa na mtu kwamba kuna kazi nyingine inalipa dola moja zaidi, swali langu ni kama nitaruhusiwa kusoma. Kurudisha vitabu kwenye rafu nako kuna utaalamu wake. Kila kitabu kina herufi na namba mgongoni, hisabati ni QA, historia ya Afrika ni DT. Kitabu chenye .B45 kinatangulia chenye .B5, kwa sababu hizo ni desimali. Wafanyakazi wapya wote wanakosea hapo, wanaona 45 ni kubwa kuliko 5. Siku hizi wakiletwa wapya, msimamizi ananiita mimi niwaelekeze.

Kiswahili kiko PL8701. Ni rafu fupi, iko ghorofa ya juu karibu na dirisha, na vitabu vyake haviazimwi sana. Nikipandisha toroli huko huwa nafungua kimoja, nasoma ukurasa kwa sauti ya chini. Juzi nilikutana na neno unalolipenda kutusema nalo tukichelewa kuamka, nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, nikashuka na toroli langu. Mama, huku naweza kumaliza siku tatu sijatamka neno hata moja la nyumbani.

Sasa lile lililobaki, ambalo Kaka amelisema kwa mafumbo. Mtoto wa Shangazi amemwambia kwamba wapo wanaofanya kazi usiku nje ya chuo, wanalipwa taslimu, hakuna anayejua, na kwamba mimi ni mwoga. Sitafanya. Kufanya kazi nje ya kampasi bila kibali ni kufuta hadhi yangu ya uanafunzi, na kwa kawaida aliyefanya hivyo hastahili kurudishiwa. Nikimaliza shahada, sheria inanipa hadi miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yangu, na kwa kuwa takwimu ninayosomea inahesabiwa miongoni mwa masomo ya sayansi, naweza kuomba miezi 24 juu yake. Miaka mitatu ya kazi halali, Mama, kwa mshahara wa msomi. Niiuze hiyo kwa sahani za mkahawa? Paa la Baba Mdogo litasubiri.

Na sikatai kuchangia. Chuo kikifungwa kwa likizo ndefu, ruhusa yetu inapanda, naweza kufanya kazi ya kutwa hapa hapa kampasini. Maktaba wameshaniambia watanihitaji, wanahamisha vitabu ghorofa nzima. Zikianza kuingia hizo, nitakutumia wewe mkononi, si Kaka. Kwanza ada ya mdogo wangu, kisha kitakachobaki ugawe unavyoona. Kama paa litapata, lipate.

Mitihani ya kati ya muhula inaanza wiki ijayo, kwa hiyo simu yangu itakuwa imezimwa nikiwa zamu. Mwambie Baba Mdogo akitaka kuongea nami apige Jumapili, nitapokea, na nitamwamkia kwanza kabla ya lolote. Na wewe, zile dawa za goti meza zote, usizigawe kwa jirani.

Binti yako akupendaye.