Barua kwa Mwanangu: Rudi Kikundini na Hadithi Yako

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu tangu jana. Unasema kwamba wenzako wa kikundi cha waandishi huko Kisumu waliichambua hadithi yako karibu saa nzima, kwamba mmoja wao alidai hakumwelewa mjane anayekataa kuuza mtumbwi wa marehemu mumewe, na kwamba Jumamosi ijayo huendi. Nakuomba uende, kwa kuwa jambo hili limenipata mimi pia.

Nilipokuwa na umri kama wako, tulikuwa tukikutana hapa Nakuru, watu saba au wanane, katika chumba cha fundi cherehani baada ya yeye kufunga kazi. Nilipeleka hadithi ya mzee anayemngojea mwanawe kwenye stesheni ya reli. Ukurasa wa kwanza wote nilikuwa nimeupamba kwa ukungu wa Menengai na heroe wa ziwani. Mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza kwa upole: tukiurarua ukurasa huu, mzee wako atapungukiwa na nini? Sikuwa na jibu. Niliondoka na hasira, nikaiweka hadithi kabatini miezi miwili, kisha nikaianza upya pale mzee anapomuuliza karani wa tiketi, kwa mara ya pili asubuhi hiyo, kama gari la Kisumu limekwisha kufika. Swali lile la pili lilibeba mashaka yote ambayo ukungu haukuweza kuyabeba.

Sasa tuje kwa mjane wako. Wenzako wanataka ueleze kwa nini anakataa, na hapo usiwafuate, ingawa pengo walilolihisi lipo kweli. Nimeirudia nakala uliyonitumia: mnunuzi anafika ukurasa wa nne na fedha mkononi, mama anakataa, lakini hadi hapo hatujamwona hata mara moja akiugusa mtumbwi huo. Aya ya maelezo itaiua hadithi. Mpe kazi mapema: alfajiri, baada ya mvua ya usiku, ateremke ufuoni na kopo, ayakumbe maji mtumbwini, ilhali hakuna tena wa kwenda kuvua. Mnunuzi atakapokuja, hakuna atakayeuliza sababu. Riwaya inaweza kumrudisha msomaji miaka ishirini nyuma kumwonyesha ndoa yao. Wewe una kurasa tisa tu, na kopo hilo litakutosha.

Mtakapokutana, mwombe mwenzako akusomee hadithi kwa sauti, nawe ushike kalamu. Pale anapojikwaa, au pale wasikilizaji wanapoanza kupindua karatasi, weka alama pembeni. Wakianza kusema, usijitetee. Msomaji wa Busia au Kakamega atakapoisoma hadithi hiyo, hutakuwa kando yake kumfafanulia. Nawe usome kazi zao kwa makini yaleyale, maana mimi niliyaona makosa yangu mengi kwanza katika hadithi za wenzangu.

Unalalamika pia kwamba vikundi havimfikishi mtu popote. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru hii hii, aliposhinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, mwaka 2002, hakujitenga na wenzake. Alishirikiana nao kuanzisha jarida la fasihi la Kwani?, na mwaka uliofuata, 2003, tuzo hiyohiyo ikaenda kwa Mkenya mwingine, Yvonne Adhiambo Owuor, kwa hadithi iliyotoka katika jarida hilo. Watu waliokuwa wakisomana ndio waliojenga mlango huo, mwanangu, na wewe una watu kama hao mwendo mfupi tu kutoka chumbani mwako.

Mama yako anakusalimu. Yeye amekulia ufuoni, na anasema mtumbwi ukikaa juani muda mrefu bila kutumiwa, mbao hukauka na kuachana. Huenda mjane wako analijua hilo. Nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa, nami nitaisoma kwa sauti usiku huohuo.

Ni mimi baba yako.