Barua ya wazi kwa Waziri wa Turathi: Hilton ya Nairobi isiondoke na historia yake

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia utamaduni na turathi za taifa,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: KUMBUKUMBU ZA HOTELI YA HILTON, KATIKATI MWA JIJI

Hoteli ya Hilton ilifunguliwa mwaka wa 1969 na ikafungwa tarehe 31 Desemba 2022. Tangu tangazo la kufungwa litolewe, mengi yamesemwa kuhusu hisa, kiwanja na wanunuzi. Serikali yenyewe ilikuwa na takriban asilimia 40 ya kampuni inayomiliki jengo hilo, kwa hiyo hesabu za pesa ni halali yenu kuzifanya. Ombi langu ni kwamba historia ya jengo hili ihesabiwe pia kabla halijabadilishwa, yeyote atakayelichukua, na kwa jina lolote atakaloliita.

Kumbuka Nairobi ya wakati ule. Uhuru ulikuwa na miaka sita. Jumba la mikutano la KICC halikuwepo, kwani lilikamilika mwaka wa 1973. Mnara wa mviringo wa orofa 17 ulipoinuka kando ya barabara iliyoitwa Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo macho ya mgeni yaliangukia. Enzi ya mkoloni, Mwafrika alizijua hoteli kubwa za mji huu kupitia mlango wa jikoni, akiwa na sare ya mtumishi. Hii ilijengwa katika nchi yake mwenyewe, na Mzee Jomo Kenyatta akiwa Rais.

Mwaka huohuo, tarehe 5 Julai, Tom Mboya, waziri katika serikali ya Kenyatta, alipigwa risasi kwenye barabara hiyohiyo. Mwaka wa 2011 alisimamishiwa sanamu karibu na mahali alipouawa, na watu husimama pale wakasoma, wakapiga picha, wakawaeleza watoto wao. Nashukuru kwa hilo. Lakini vuka barabara, Mheshimiwa, uende hadi mlangoni pa Hilton.

Hapo ndipo J.M. Kariuki alipoonekana tarehe 2 Machi 1975 akitoka pamoja na maafisa wa usalama. Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mtu aliyepitia kambi za vizuizi wakati wa Hali ya Hatari, aliyewahi kuwa katibu wa Kenyatta, kisha akawa msemaji wa maskini ndani ya Bunge. Hakuonekana tena akiwa hai. Mwili wake ulipatikana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, mashahidi wakahojiwa, ripoti ikawasilishwa Juni mwaka huo, na hadi leo hakuna mahakama iliyompata mtu na hatia ya mauaji hayo. Nimepita mlango huo miaka nenda miaka rudi na sijaona hata kibao kinachomtaja. Kijana anayengoja gari hapo hajui amesimama wapi, na si kosa lake. Nani angemwambia?

Si kwamba historia yote ya Hilton ni ya misiba. Wengi wetu hatukuwahi kulala ndani, na bado ilikuwa yetu. Kabla ya simu za mkononi mtu akishakutoka machoni ulikuwa huna namna ya kumpata, kwa hiyo miadi iliwekwa mahali ambapo hata mgeni wa jiji asingepakosa: tukutane Hilton, saa nane. Watu wamengojeana pale kwa posa, kwa kazi, kwa deni, kwa safari ya kwenda ushago. Makanga bado hugonga bodi ya matatu akiita "Hilton!", na abiria wote wanajua pa kushukia.

Halafu kuna waliofanya kazi ndani. Kwa miaka 53 walikuwepo wapishi, madobi, wabeba mizigo, wahudumu wa vyumba na mapokezi, mafundi wa lifti. Kwa kazi hizo watu walisomesha watoto na kujenga nyumba. Hoteli ya ukubwa huo hukusanya makaratasi: madaftari ya wageni, orodha za zamu, vitabu vya mishahara, menyu za karamu, picha za mikutano, ramani za ujenzi. Hoteli inapofunga, vitanda hupata wanunuzi. Makaratasi hupata moto au jaa la taka. Hili ndilo linalonikosesha usingizi, maana kibao kinaweza kuwekwa hata baada ya miaka kumi, lakini daftari likishachomwa limekwenda.

Nyaraka za Taifa ziko ng'ambo ya barabara, hatua chache kutoka Hilton. Tafadhali waagize maafisa wa Nyaraka waingie, waorodheshe kilichobaki, na wakubaliane na wamiliki kukihifadhi. Watumwe pia wachukue masimulizi ya waliofanya kazi hapo tangu miaka ya sabini, wangali nasi. Na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakupa mamlaka ya kulinda jengo lenye thamani ya kihistoria kwa tangazo katika Gazeti Rasmi. Naomba Makavazi ya Taifa yaagizwe kulichunguza na kukupa ushauri, hadharani.

Najua utaambiwa kwamba ulinzi utawafukuza wawekezaji. Tazama jengo lenyewe la Nyaraka. Lilikuwa benki wakati wa ukoloni, likageuzwa matumizi, na leo lina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, ndani yake. Halikubomolewa, na hakuna aliyezuiwa kulifanyia kazi mpya. Hilton nayo inaweza kuwa ofisi, nyumba za kupanga au hoteli nyingine, huku ule mnara ukibaki mviringo na jina la J.M. likiandikwa pale alipoonekana akitoka.

Naomba jibu lako lichapishwe, kwa kuwa si mimi peke yangu ninayelingoja. Ningependa hasa kujua kama kuna afisa yeyote wa Nyaraka ambaye ameshaingia katika jengo hilo tangu lifungwe, na kama hapana, ataingia lini.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nairobi