Mzee wa pale duka la vifaa vya ujenzi, asante sana

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja ambaye hata jina sikumuuliza. Mwezi wa 2 nilikuwa Buguruni nanunua marumaru za sebule, nyumba ya mama Mbagala tunaikarabati, akanigeukia akaniuliza, mwanangu bati umeshabadilisha? Nikasema bado. Na waya? Bado pia. Akaniambia basi hiyo hela irudishe mfukoni kwanza.

Akachana kipande cha mfuko wa saruji, akaniandikia kwa ile penseli bapa ya mafundi seremala: paa liishe kabla masika haijaanza mwezi wa 3, halafu fundi umeme na fundi bomba watindue kuta wapitishe vitu vyao, ndo plasta ipigwe na imwagiliwe maji siku 7 asubuhi na jioni, rangi isubiri plasta ikauke kabisa, marumaru mwisho huko. Pembeni ya kila kazi akaacha nafasi ya tarehe, na katikati akaweka wiki nzima tupu, akasema hii ni ya dharura usiiguse. Na kweli fundi wetu alifiwa, akaenda kijijini siku 6, ratiba haikuyumba.

Mvua ya kwanza imepiga usiku na bati lipo juu, mama amelala bila beseni la kukingia maji pembeni ya kitanda, mara ya kwanza tangu baba afariki. Shikamoo baba yangu popote ulipo, nakuombea afya, kile kipande cha mfuko bado nimekibandika ukutani jikoni.