Mama, mparachichi haukufa kwa kiu

Minneapolis, Marekani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, wajukuu zako wanakusalimu. Mkubwa keshanipita kimo.

Juzi uliniuliza mparachichi wangu umekufaje na maji nilikuwa naumwagilia, mtandao ukakatika. Baridi, Mama, tena usiku mmoja tu wa Oktoba niliosahau kuingiza ndani ndoo niliyoupandia. Asubuhi nikakuta sakitu, ule umande ulioganda, kwenye nyasi na majani meusi, yamelegea kama mchicha uliotokoswa.

Mzee jirani akaniuliza, "Kwani wewe uko kanda namba ngapi?" Nikamtajia namba ya posta. Alicheka mpaka akashika uzio.

Kumbe Wizara ya Kilimo ya huku ina ramani iliyogawa nchi nzima kanda 13, kuanzia Alaska kwenye baridi kupindukia mpaka Puerto Rico. Wanachukua ule usiku mmoja wa baridi kuliko zote kila mwaka, miaka 30, wanatafuta wastani. Sisi ni 5a, yaani nusu yenye baridi zaidi ya kanda ya 5: nyuzi 26 hadi 29 chini ya sifuri. Friza ya barafu za ukwaju hapo dukani ni kama 18 tu chini ya sifuri, Mama! Mti utakaokaa ardhini mwaka hadi mwaka lazima uvumilie hayo. Miche ya dukani ina kibandiko chenye namba. Mimi nilipanda kokwa la parachichi la kula, kibandiko ningekitoa wapi?

Wewe haya unayajua bila ramani. Plamsi za Magamba mlimani hukuwahi kuzihangaikia Mombo bondeni, na embe za Mombo hukuzipandisha Magamba. Kwetu unapanda gari saa moja, umebadili kanda.

Ila ramani hiyo inapima baridi tu. Seattle, ambako kiangazi chake ni cha kivivu, na Jacksonville, yenye joto kama la Tanga mjini, zote ziko kanda ya 9. Na mboga zetu za msimu mmoja hata haizihusu. Mchicha nausia mwishoni mwa Mei sakitu ikishaacha, nauvuna na kuusia tena, na baridi ikirudi nimeshaula. Sukuma wiki ndiyo ya ajabu: ikipigwa na sakitu inazidi utamu. Vitunguu saumu navipanda Oktoba, vinalala chini ya majani makavu na theluji. Theluji inafunika mizizi kama blanketi. Aprili vinachomoza.

Ramani ilichorwa upya 2023, tukapanda kutoka 4b, yenye baridi zaidi, hadi 5a. Jirani kafurahi, anataka kupanda pichi. Mimi bado. Wastani ni wastani tu. Januari 2019 hapa ilifika 33 chini ya sifuri, na mti uliokufa hauambiwi kwamba mwaka ule ulikuwa wa ajali.

Mbegu za mnavu usizitie kwenye bahasha, forodha watazitaka na cheti cha afya ya mimea. Niambie tu, ule wa nyuma ya jiko ulikuwa unaziloweka kwanza au unazimwaga kavu?

Kokwa jingine la parachichi limechipua kwenye glasi dirishani. Hili halitoki nje baada ya Septemba.

Msalimie Baba, mwambie dawa asiache.

Mwanao