Kwadi ya tustroku ipelekeni kwa fundi wa boti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Mtwara na Lindi wenye zile pikipiki za magurudumu manne tunazoziita kwadi, hasa za zamani zenye injini ya tustroku, ile inayolainishwa kwa oili inayochanganywa na petroli. Mwezi huu peke yake nimeletewa tatu hapa Mikindani. Zote zimenoki, na zote zilipita kwanza kwa fundi bodaboda. Sina ugomvi na fundi bodaboda. Mbele ya injini ya fostroku ananiacha mbali. Ila alipoanza kazi, pikipiki za tustroku zilikuwa zimeshakwisha barabarani. Injini za namna hiyo zilizobaki ziko ufukweni, nyuma ya boti za wavuvi. Basi mwenye kwadi ya namna hiyo asiishie stendi, ateremke pwani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, isije ikaonekana najipigia zumari.

Nina Yamaha Blaster, ile ya silinda moja, cc 195, inayopozwa kwa upepo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988 na kukoma 2006. Niliinunua kwa mtu aliyeachiwa na mgeni mmoja wa miaka ile ya kutafuta gesi huku kwetu. Blaster hutoka kiwandani na tangi dogo la oili na pampu yake, mwenye mashine anajaza petroli tupu na pampu inafanya kazi ya kuchanganya. Yangu tangi lilikuwepo na oili imejaa hadi shingoni. Kila jioni naichungulia, haipungui hata tone. Nikamwambia mke wangu, "Mama, mashine hii haili oili kabisa!" Mimi, niliyezeeka na mashine za boti, nikalifurahia jambo hilo.

Kumbe siku zile nilikuwa natumia petroli aliyoniachia muuzaji, na ilikuwa imeshachanganywa. Nilipojaza ya kwangu nilikwenda kilomita nne tu. Sauti ikawa nyembamba kama ya mtu aliyekabwa, kisha magurudumu ya nyuma yakashika kwa pamoja nikaenda nikiserereka hadi kwenye mkorosho. Nilipofungua nyumbani nikakuta pampu iling'olewa zamani. Mahali pake pamezibwa kwa kipande cha bati, na mpira wa oili umetiwa skrubu mdomoni.

Lakini kabla ya kufika nyumbani nilipita kwa kijana wa bodaboda. Akafungua kifuniko cha oili pale kwenye giaboksi, akachovya kidole, akakisugua na mwenzake, akasema, "Mzee, oili ipo, tena safi." Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Kwenye bodaboda ya fostroku, oili ya chini ndiyo hiyo hiyo ya krenki, ya pistoni na ya gia. Kwenye kwadi ya tustroku, oili ile ni ya gia na klachi, basi. Krenki na beringi zake, na pistoni yenyewe, vinakula oili inayokuja na petroli, inayopita kwanza kwenye kifua cha injini, pale krenki inapozunguka, ndipo ipande juu kuungua. Giaboksi inaweza kuwa imejaa oili mpya na pistoni inakufa kwa kiu juu yake. Mtoto wa mvuvi analijua hili kabla hajajua kusoma, maana ndiye anayetumwa kutikisa dumu.

Sasa na sisi wa boti tusivimbe vichwa. Oili tunayotia kwenye mashine zetu, iliyoandikwa TC-W3, ni ya injini inayopozwa kwa maji ya bahari, na wengi tunachanganya moja kwa 50, yaani oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50. Blaster inapozwa kwa upepo na inachemka zaidi. Tafuta oili ya tustroku iliyoandikwa JASO FC au FD, alama za ubora za Kijapani. Mimi nachanganya moja kwa 32: dumu la lita 5 linakwenda na mililita 156. Nanunua bomba la sindano la mililita 50 pale duka la dawa, navuta mara tatu na kidogo juu yake. Ile ya kukadiria kwa kifuniko, au "mimina mpaka rangi ikubali", ndiyo iliyoniletea injini mbili kati ya hizo tatu.

Silinda ya Blaster ina laina ya chuma, kwa hiyo inachongeka. Kipimo cha kiwandani ni milimita 66. Yangu niliichongesha kwa pistoni ya 66.50. Peleka pistoni pamoja na silinda kwa mchongaji. Usimpelekee namba ya kwenye boksi, maana mwanya anaoutafuta ni mdogo kuliko unene wa unywele. Wakati wa kufunga, mshale wa juu ya pistoni utazame eksozi. Na ringi, ringi jamani! Fundi bodaboda amezoea kuzitawanya, midomo yake isikae mstari mmoja. Za tustroku kila mfereji una kijipini chake, na mdomo wa ringi lazima ukae pale pale kwenye pini, vinginevyo utanasa kwenye madirisha ya silinda, yale matundu ya kupitishia petroli na moshi. Injini ya pili niliyoletewa ringi yake ilikuwa vipande vitatu, na kimoja kilikuwa kimeshapiga ziara ndani ya eksozi.

Kuna kazi moja ambayo sijaona mtu wa huku akiifanya, nayo haigharimu kitu: kupima kama injini inavuja hewa. Tustroku ikivuta hewa ya wizi, kwa sili ya krenki iliyokauka au gasketi iliyochoka, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, pistoni inayeyuka. Dalili ni kwamba ukiachia mafuta mizunguko haishuki upesi, inaning'inia juu. Shemeji yangu ni muuguzi mstaafu, alikuwa na kipimo cha presha cha kizamani ambacho kitambaa chake kimechanika. Nikaziba mdomo wa eksozi kwa mpira wa ndani wa baiskeli na kipande cha ubao, nikaziba na mdomo wa kabureta, huko nikapitisha mpira wa kile kipimo. Bila kusahau kuteremsha pistoni chini, madirisha ya silinda yawe wazi. Nikabonyeza kile kipira mpaka 250, kisha nikakaa na kahawa yangu. Mshale ukaanza kuteremka kama jua la saa kumi na mbili, polepole, lakini unateremka. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Kichwani kimya, kwenye gasketi ya chini kimya. Nilipovua sumaku upande wa kushoto, nyuma yake kwenye sili ya krenki povu likawa linatoa vipovu kama kaa anayepumua mchangani. Sili yenyewe ni kitu cha bei ya nauli. Ningefunga pistoni mpya bila kuiona, ningekuwa naandika barua nyingine.

Shemeji alisema huyo ni mgonjwa wa kwanza kumwona mwenye presha ya 250 anayetakiwa abaki nayo.

Baada ya kufunga usikimbilie barabarani. Iwashe, ipate moto, izime, iache ipoe kabisa hadi uweze kuikumbatia. Mara tatu. Kisha zungukazunguka nayo mtaani kwa mafuta madogo, ufungue plagi uitazame: kahawia ni heri, nyeupe ni kiu, nyeusi yenye majimaji imeshiba kupita kiasi.

Sasa nije kwa vijana, ambao msimu wa korosho pesa ikitoka wanataka kwadi iongezewe nguvu. Kitu cha kwanza wanachokifanya ni kukata eksozi ili ipige kelele. Kwenye tustroku ile eksozi yenye tumbo si bomba la kutolea moshi tu. Moshi ukitoka, umbo la tumbo lile linarudisha wimbi la shinikizo hadi kwenye dirisha la silinda, linasukuma ndani petroli mbichi iliyotaka kutoroka. Ukilikata umepata kelele na umepoteza nguvu. Na wewe uliyenunua eksozi ya maana, au uliyetoboa boksi la chujio hewa iingie kwa wingi, hongera, lakini jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, je? Hewa ikiongezeka na petroli ikabaki ile ile, tumerudi kwenye pistoni iliyotoboka. Injini ya tatu ni hiyo: eksozi mpya inang'aa, jeti ya zamani, na juu ya pistoni tundu la kupitisha kidole gumba. Fundi aliyeifunga alilipwa.

Mimi ningeanza na breki, maana Blaster za miaka ya mwanzo zina breki za drum mbele na mchanga wa ufukwe wa Msimbati ukiingia humo unasimama kwa dua. Kisha chujio. La sponji lioshwe kwa sabuni, likaushwe, lipakwe oili yake, kila ukirudi ufukweni. Cheni na beringi za magurudumu ziogeshwe maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, chumvi haingoji kesho. Na mkiwa Msimbati kumbukeni pale ni ndani ya hifadhi ya bahari, kasa wanapanda kutaga. Kule juu kwenye mchanga mkavu si pa kuchezea matairi, hasa usiku.

Kwa wenye maduka ya spea nina ombi moja: acheni kumimina oili kwenye chupa za maji zisizo na maandishi. Mteja akiuliza ya tustroku mnampa ile ile ya bodaboda, kwa sababu zote ni za rangi ya asali. Na kwako Mhariri, mpeleke mwandishi wako asubuhi moja pwani yoyote ya huku, boti zinaporudi, akae na mafundi wetu, aandike majina ya vitu hivi kwa lugha yetu tunavyovitamka. Vitabu vya mashine hizi ni vya Kiingereza na Kijapani, na vijana wanaonijia hawana hata kimoja.

Jumamosi naifunga upya hiyo ya tatu. Mwenyewe ni kijana wa Chuno, nimemwambia aje na bomba la sindano la kwake.

Fundi wa mashine za boti,
Mikindani, Mtwara